Kofia ngumu kichwani, ndala miguuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko pembeni mwa soko la Majengo hapa Dodoma, na kazi hii nimeifanya kwa miaka ishirini na miwili. Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapisha picha ya vijana wa bodaboda wakikabidhiwa kofia ngumu. Wamesimama mstari mmoja, kofia mpya zinang'aa, nyuso zimejaa furaha. Mtu wa kazi yangu akitazama picha huanzia chini. Nikahesabu: vijana kumi na wawili, watatu ndio waliovaa viatu vya kufunika mguu. Waliobaki ni ndala na yeboyebo, na mmoja katambuga.

Sina ugomvi na kofia. Kofia inaokoa kichwa, na sheria inaitaka. Lakini mguu nao umepanda pikipiki. Mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia, wa kulia ndio unaokanyaga breki ya nyuma, na kila ukisimama mmoja wao ndio unaotangulia kugusa ardhi. Yote hayo unayafanya ukiwa umepakana na injini na bomba la moshi. Mimi mwenyewe ninaendesha. Askari wakinisimamisha huuliza leseni na bima, hutazama kofia, basi. Miguu hakuna aliyewahi kuitazama.

Desemba 2019 nilikuwa natoka Veyula kumwona dada yangu, nimevaa ndala kwa sababu jua lilikuwa kali. Karibu na Miyuji mbuzi watatu wakakatiza barabara. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nikakanyaga breki, mguu wenye jasho ukateleza ndani ya ndala, ndala ikajikunja ikaingia chini ya pedeli ya breki. Nikawa nakanyaga, pedeli haishuki. Mbuzi walipita salama. Mimi nilitoka nje ya lami nikashusha mguu kwenye changarawe, mguu mtupu, pikipiki ikanilalia kwa upande wa kulia. Ukucha wa kidole gumba uling'oka, mfupa wa kifundo ulichunika hadi ukaonekana mweupe, na bomba likanikalia kwenye shavu la mguu. Pikipiki yangu ni ile ya kawaida yenye injini ndogo, lakini hata hiyo ina zaidi ya kilo mia moja. Majirani walinipaka dawa ya meno kwenye pale palipoungua. Muuguzi wa zahanati alitumia muda mrefu kuiosha, nami nikiuma meno, akaniambia neno ambalo tangu siku hiyo namwambia kila mteja: ukiungua, weka maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Januari yote, ambayo ndiyo msimu wangu wa viatu vya shule, niliikosa. Fundi asiyeweza kukunja mguu hawezi kukalia kigoda.

Nilipopona nikaanza kuvitazama viatu vya wapanda pikipiki kwa jicho jingine. Kiatu kinasema, Mhariri. Wakiniletea pea ya raba, kabla hawajafungua mdomo najua mwenyewe ni dereva: kiatu cha kushoto kimelika juu ya vidole, mahali pedeli ya gia inaponyanyuliwa, na cha kulia ubavu wa ndani una doa la kahawia lililoiva kwa joto. Soli zote mbili zina mfereji katikati, pale kikanyagio kinapokaa. Hizo ndizo sehemu za kuimarisha, na viatu vingi vinavyouzwa hapa havikuimarishwa sehemu hizo hata moja.

Sasa nije kwenye hoja ya joto, maana ndiyo jibu la kila kijana. Mwezi uliopita alikuja mmoja wa kijiwe cha Nkuhungu kushonewa mkanda wa sandozi.

"Mbukwa, fundi."

"Mbukwa, mwanangu. Huna viatu?"

"Ninavyo, mzee. Jua hili la Dodoma nivae viatu? Mguu si utachemka!"

Sikumbishia kwamba jua ni kali. Sote tunaijua Oktoba na Novemba ya huku, upepo mkavu na vumbi, lami ya kwenda Ihumwa inameremeta kama maji. Nilimwomba aniletee hivyo viatu anavyovikimbia. Kesho yake akaja navyo. Vilikuwa vya reksini, yaani ngozi bandia, ndani vimejazwa sponji nene na kitambaa cha nailoni. Kiatu cha namna hiyo hakipumui. Jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki linazunguka na mguu, kisha fangasi wanahamia. Kijana hakusema uongo, alichemka kweli. Ila kilichomchemsha ni reksini na sponji, kufunikwa hakuna kosa. Ngozi halisi nyembamba, isiyo na sponji ndani, ikivaliwa na soksi ya pamba, inanyonya jasho na kulitoa nje upepo unapopiga. Na ukae ukijua kwamba mguu mtupu nao hauna nafuu hiyo unayoidhani: juu unachomwa na jua, ubavuni unapigwa na hewa moto ya injini.

Kuitambua ngozi si uchawi. Tazama ukingo uliokatwa, mara nyingi huonekana kwenye ulimi wa kiatu. Ngozi ina nyuzinyuzi kama nyama iliyokauka, reksini ina kitambaa chini na plastiki juu. Bonyeza kwa kidole gumba, ngozi itafanya mikunjo midogo midogo. Mimi huchukua uzi mdogo wa pembeni nikauchoma kwa kiberiti: ngozi inanuka kama nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kudondoka. Hapo ndipo ninapowaomba madereva wasikilize, kwa sababu plastiki inayoyeyuka ikigusa ekzosi hufanya hivyohivyo na kuganda kwenye ngozi yako. Gambuti nazo zimo humo. Masika zinasaidia kwenye matope ya Chang'ombe, lakini ni mpira, zinalegea mguuni na pikipiki ikianguka zinavuka.

Umbo la kiatu ninalolipendekeza ni la kawaida kabisa. Kifike juu ya ile mifupa miwili ya kifundo, kwa sababu ndiyo inayotangulia kusagika. Kibane kiasi kwamba ukikamata kisigino kwa mkono na kuvuta, kisitoke. Kiwe na kisigino kidogo, hata sentimita moja na nusu, ili mguu ukishike kikanyagio usitelezee mbele. Soli iwe ya mpira wenye meno madogo, isiwe laini kama godoro. Soli ya sponji tupu inabonyea kwenye kikanyagio, na ukienda Kibaigwa na kurudi nyayo zinakufa ganzi. Tena penye dizeli iliyomwagika kituo cha mafuta, soli iliyolika ni sawa na kusimama juu ya sabuni. Na soli lazima ishonwe. Gundi peke yake hailiwezi joto la huku. Nusu ya raba ninazoletewa Novemba zimefunguka mdomo, gundi imelainika ikaachia.

Kamba za viatu ni jambo dogo ambalo nimeliona likiangusha watu wazima. Kitanzi cha kamba kinanasa kwenye pedeli ya gia. Ukiwa kwenye mwendo huna habari. Unafika kwenye taa, unataka kushusha mguu wa kushoto, hauji, na pikipiki inaanza kulala. Funga kamba fupi, ncha zichomeke ndani. Mteja akikubali mimi humwekea zipu upande wa ndani au mkanda wa kunata juu ya kamba.

Wengine huniuliza kuhusu buti za ujenzi, zile za chuma mbele. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa na ujenzi kushika kasi kule Mtumba, zimejaa mjini na bei yake si mbaya. Kama ndicho ulichonacho, vaa. Zinafunika kifundo na soli yake ni imara. Shida yake ni uzito, na pua yake ni nene, haiingii vizuri chini ya pedeli ya gia. Hilo fundi pikipiki anarekebisha kwa dakika tano: analegeza boliti kwa spana, anapandisha pedeli jino moja, anakaza.

Kwenye mitumba nako kuna bahati. Mara chache hupita buti za wapanda pikipiki wa Ulaya. Utazijua kwa kibandiko ndani ya ulimi chenye kipicha cha mtu juu ya pikipiki na namba EN 13634. Hicho ni kiwango chao cha viatu vya pikipiki, na tarakimu zinazofuata, 1 au 2, zinaeleza urefu wa kiatu, kustahimili kuchunika, kustahimili kukatwa, na soli kutobinyika kwa ubavu. Mbili ni bora kuliko moja. Lakini usinunue kwa kibandiko peke yake. Buti iliyokaa stoo miaka mingi inaweza kuwa na soli ya povu iliyokwisha oza ndani, kwa macho ni mpya, ukiivaa siku mbili inamomonyoka kama mkate mkavu. Ikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji, bonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha unga, irudishe.

Asiye na hela ya buti nisimwache. Yule kijana wa Nkuhungu alinunua raba ndefu ya ngozi ya mtumba kwa elfu kumi na nane. Nikamkatia vipande viwili vya mviringo kutoka kwenye ngozi nene ya mkanda, nikavishona ndani penye mifupa ya kifundo. Juu ya vidole vya kushoto nikaweka kiraka cha gia. Nikaizungushia soli mshono wa nailoni, kisha nikatoboa matundu madogo kwa msharasi, upande wa ndani wa mguu tu. Kwa nje na mbele sitoboi, kwa sababu hapo ndipo barabara inapokwaruza. Nilimtoza elfu saba. Nikamwambia awe na soksi pea mbili za pamba, abadilishe mchana, na viatu avianike usiku, asiviweke juani vikakakamaa. Bado anaendesha navyo, na joto hajalitaja tena.

Sikutaka kumaliza bila kusema juu ya abiria. Akina mama wanakaa upande, kandambili imening'inia kwenye ncha ya vidole, karibu kabisa na tairi la nyuma. Na watoto! Asubuhi pale Makole naona mtoto wa chekechea amewekwa katikati ya mishikaki, yaani abiria waliorundikana juu ya pikipiki moja, miguu haifikii kikanyagio, kisigino kinacheza kando ya spoki. Nimeletewa kiatu cha mtoto kilichoingia kwenye spoki, cha ngozi nyeusi, cha shule. Upande wa kisigino ulikuwa umekatwa kama kwa kisu, na mtoto alipona kwa sababu ngozi ilikatika badala yake. Mama yake alitaka nikishone. Nilimwambia nitamtengenezea kingine, hiki anipe nikitundike. Kinaning'inia mlangoni kwangu hadi leo, na wazazi wakiuliza ninawaonyesha. Mzazi, kama huna namna ila bodaboda, mvalishe mtoto kiatu cha kufunga hata kama shuleni atakivua. Usimpandishe na ndala.

Vijijini kuna jingine tena: mbigiri na miiba ya migunga. Anayekwenda Bahi au Mvumi kwa njia za mchanga hushusha miguu kila hatua, na mwiba wa mgunga unapenya ndala kama karatasi. Hapo hata katambuga ina heshima yake, soli ya tairi haipenyi kirahisi, ila juu iko wazi vilevile.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni kwa wale wanaogawa kofia, na Mungu awabariki kwa hizo walizokwisha gawa. Wakija tena Dodoma waongeze meza moja. Mafundi viatu tupo Majengo na Sabasaba, tutakaa pale na misharasi yetu. Kila kijana aje na raba au kiatu chochote cha kufunika alichonacho nyumbani, tumwekee kipande cha kifundo na cha gia, tukaze soli. Pea moja hainichukui zaidi ya dakika arobaini, na ngozi ya kazi hiyo ni vile vipande ambavyo kila jioni ninavifagia na kuvitupa.

Fundi viatu,
Majengo, Dodoma.