Mama Kulwa, nitafutie wavu

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Salaam nyingi zikufikie hapo Mwanga, Kigoma, wewe na Baba Kulwa na wajukuu wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi ya asubuhi na vumbi la Julai, unalijua. Juzi kwenye simu nilipotaja habari ya mpira ukanikata kauli, "Mimi na goti hili, mama we?", na salio likaisha hapo hapo. Ndiyo maana leo nimekaa na kalamu.

Mchezo unaitwa pikoboli. Wajukuu wanauita mpira wa vibao, na sisi wakubwa tumewafuata. Mwanangu Tatu alipokuja likizo mwezi wa kumi na mbili kutoka Marekani alileta vibao viwili na mipira minne ya plastiki, myepesi, ina matundu mwili mzima. Nikadhani zawadi za watoto. Kesho yake akanishika mkono hadi kwenye sakafu ya saruji ya shule ya jirani, ile ya netiboli, akapima kwa futikamba ya fundi: urefu mita 13.4, upana mita 6.1. Akachora mistari kwa chokaa. Mnasimama wawili huku na wawili kule, kwa hiyo wewe unalinda kama mita tatu tu za upana. Goti lako linaweza mita tatu, Mama Kulwa. Sokoni unatembea zaidi ya hapo.

Mpira unaanzishwa kwa mkono wa chini, kibao kikipita chini ya kiuno, unaupeleka kwa mshazari. Wanaopokea wauache udunde kwanza. Wakiurudisha, nanyi mliouanzisha muuache udunde. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kuupiga ukiwa hewani. Mnacheza hadi 11, lakini mshindi lazima aongoze kwa mbili, na anayepata pointi ni upande ulioanzisha tu. Kabla ya kuanzisha unataja hesabu kwa sauti: pointi zetu, pointi zenu, halafu kama wewe ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Wiki ya kwanza nilikuwa nasahau kila mara. Sasa naitaja bila kufikiri, na nafurahi sana, maana tangu nistaafu nilishaanza kuogopa hii kusahau kwangu.

Lakini ninachotaka ukielewe ni jiko. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita mbili na kidogo, na huko Marekani kwenyewe wanaliita jiko. Ukiwa umesimama ndani yake, au umekanyaga mstari wake, huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Tatu alipotueleza, mama mmoja wa mtaa wa pili akasema, "Miaka hamsini niko jikoni, leo ndiyo naambiwa nikae nje!" Tulicheka mpaka tukaketi. Kumbe sheria hiyo ndiyo inayotubeba sisi. Kijana mwenye nguvu hawezi kuja kusimama puani pako akakushindilia mpira usoni. Akitaka kukushinda itabidi atulie.

Huyo mama ana miaka 71, alikuwa muuguzi. Ungemwona! Anasimama nyuma tu ya mstari wa jiko, magoti ameyalegeza, kibao kiko mbele ya kifua. Mpira ukija haupigi, anausukuma kidogo tu kama anayeweka yai kwenye kikapu. Unavuka wavu kwa unene wa vidole viwili na kuangukia pale pale, unadunda chini chini. Mwalimu mmoja kijana wa shule ile alikuja akijiamini, akatoa shuti, likaishia kwenye wavu. La pili likatoka nje. Wakamaliza 11 kwa 4, na yule mama hajatoka hata jasho. Mimi nilisimama pembeni machozi yananilenga. Nilikumbuka netiboli yetu chuoni, wewe mfungaji, mimi senta, jinsi tulivyokuwa tukisikilizana bila kusema. Nilidhani yale yaliisha na ujana.

Sitakuficha kwamba mwezi wa tatu nilianguka. Mpira ulipanda juu ya kichwa changu, nikaukimbilia kinyumenyume. Nikajikinga kwa mkono, kifundo kikateguka, wiki tatu nikawa na bandeji. Tena nilikuwa nimevaa malapa. Usije ukarudi kinyumenyume hata siku moja: geuka ubavu kwanza, halafu ndiyo ukimbie, au mwache mwenzako auchukue, au uuache tu uende. Pointi moja haina thamani ya nyonga. Raba nimenunua za mtumba, zina soli inayoshika. Na kabla hujaanza, nenda kapime presha, nakuomba.

Vibao viwili vya Tatu havikututosha, maana sasa tunafika tisa. Fundi seremala wetu alijaribu kwanza mninga, ukatoka mzuri wa kung'aa, lakini mzito, mkono unauma kabla ya pointi tano. Akarudia kwa plaiwudi na mshikio tukauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kuna waliosema hivyo si vifaa. Tatu akatupigia simu akatusimulia mchezo wenyewe ulivyoanza: mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka kucheza badminton na familia zao, vifaa havikukamilika, wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Wavu ulikuwa juu, wakaushusha. Jirani yao Barney McCallum akakata vibao vya mbao vilivyo vikubwa zaidi. Basi wote tukanyamaza, na vibao vya plaiwudi havikutukanwa tena.

Kinachotusumbua ni wavu. Tumefunga chandarua chakavu kati ya miti miwili, na jioni upepo ukivuma kinajaa kama tanga, tunabishana kama mpira umepita juu au ndani. Sheria inataka sentimita 91 pembeni na 86 katikati, chetu katikati kinafika magotini. Ninyi mko ziwani. Naomba ushuke Kibirizi uwaulize wavuvi kipande cha wavu uliochoka, urefu mita saba, upana mita moja. Matundu yasizidi ngumi ya mtoto mdogo, mpira usipenye. Mwambie Baba Kulwa asaidie kuchagua, anawafahamu. Bei yoyote nitarudisha.

Kondakta wa basi usimpe. Panda treni uje nao mwenyewe, ukae hata wiki mbili. Tunacheza Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja, jua likishapoa. Kibao chako fundi ameshakikata. Mshikio bado hatujauzungushia, tunasubiri tuupime na kiganja chako.

Wako,
Mama Tatu