Bei ya kipande cha plastiki si bei ya kutenganisha seli

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu kuhusu vifaa vya maikrofluidiki vya bei nafuu, yaani vile vipande vya plastiki au silikoni vyenye vifereji vyembamba kama unywele, ambamo damu hupitishwa ili seli za aina moja zitengwe na nyingine au zikusanywe pamoja. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi vinavyotengenezwa. Hata hivyo, bei aliyoitaja ni ya kipande chenyewe tu, na kwa mtu anayefanya kazi ya maabara hiyo ni sehemu ndogo ya gharama.

Sayansi yenyewe inavutia, wala sina nia ya kuidharau. Mwaka 1961 watafiti Segré na Silberberg walionyesha kwamba chembe zinazopita ndani ya bomba pamoja na kimiminika hujikusanya zenyewe katika duara lililo umbali wa takriban asilimia 60 ya nusu kipenyo kutoka katikati, bila umeme, sumaku wala kemikali. Kifereji kikipindwa kama koili, hutokea pia mkondo wa kukingama ambao huzipanga seli kubwa karibu na ukuta wa ndani na kuziacha zile ndogo mbali zaidi. Kwa njia hiyo chembechembe nyeupe za damu, ambazo nyingi zina kipenyo cha maikromita (sehemu za elfu za milimita) 10 hadi 15, zinaweza kutokea katika tundu lake, na nyekundu, zenye upana wa maikromita 7 au 8 hivi, zikatokea katika jingine.

Tatizo ni kwamba nguvu zinazozipanga seli hizo hutegemea kasi ya mkondo. Mkono unaosukuma bomba la sindano huanza kwa nguvu, hulegea, kisha hukaza tena, na kila kasi inapobadilika mstari wa seli nao huhama, hata zile zilizokusudiwa tundu la kwanza zikaishia katika la pili. Ndiyo maana majaribio mengi hufanywa kwa pampu ya kusukuma sindano kwa kasi isiyobadilika, na pampu hiyo hugharimu mara nyingi zaidi ya kifaa kinachosifiwa. Zaidi ya hayo, karibu nusu ya ujazo wa damu ni seli, na katika msongamano huo seli hugongana kiasi cha kushindwa kujipanga, kwa hiyo damu huzimuliwa kwanza. Mililita 10 zikizimuliwa mara kumi huwa mililita 100 za kupitisha. Tulitaka kukusanya seli, na hatua yetu ya kwanza imekuwa kuzitawanya!

Kuna pia suala la muda, ambalo makala haikuligusa kabisa. Kifaa kinachopitisha maikrolita moja, yaani sehemu ya elfu ya mililita, kwa dakika kitahitaji dakika 10,000 kumaliza mililita 10, yaani karibu siku saba, na muda mrefu kabla ya hapo seli zitakuwa zimeharibika au vifereji vimeziba. Kuziba huku si jambo dogo: katika vifaa vinavyochuja kwa safu za nguzo ndogo, kibonge kimoja cha damu iliyoganda kinaweza kuharibu sampuli nzima.

Usafi wa kilichopatikana nao unahitaji hesabu ya wazi. Anayetafuta seli za saratani zinazosafiri katika damu huenda akakuta chini ya kumi katika mililita moja, zikiwa miongoni mwa mabilioni ya chembechembe nyekundu na mamilioni ya nyeupe. Tuseme nyeupe ni milioni 5 na kifaa kimeondoa asilimia 99.9 kati yake: bado zimebaki 5,000. Kitakachozitofautisha na zile chache tunazozitafuta ni rangi maalumu, hadubini na jicho la mtaalamu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika bei iliyochapishwa.

Unafuu wa kweli upo, nao hupatikana pale mbunifu anapoanza na chanzo cha nguvu badala ya kipande. Sentrifuji (kifaa cha kutenga sehemu za damu kwa kuizungusha kwa kasi) ya karatasi iliyotangazwa mwaka 2017 na kundi la Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford huzungushwa kwa kuvuta nyuzi kwa mikono, hufikia mizunguko 125,000 kwa dakika, na hutenga plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, kwa takriban dakika moja na nusu. Haina vifereji vya kuchonga, na hushughulikia damu kidogo sana, lakini senti 20 za Marekani zilizotajwa kuwa gharama ya vifaa vyake hazifichi pampu wala waya wa umeme nyuma yake.

Naomba basi kwamba mtakapochapisha tena habari ya kifaa cha aina hii, mwandishi amuulize mbunifu wake mambo manne kwa pamoja: ni seli ngapi kati ya zilizoingia ndizo zilizopatikana, zimechanganyika na nini, mililita moja ya damu isiyozimuliwa huchukua muda gani, na mashine gani nyingine ilikuwa mezani siku ya jaribio. Majibu hayo yakikosekana, bei isiwekwe kwenye kichwa cha habari.

Wako,
Fundi wa maabara