Barua ya malalamiko: kalibu ya milimita 45 ambayo si ya milimita 45

Kwa Meneja,
Kampuni ya Uuzaji wa Mashine na Vifaa vya Karakana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KALIBU YA KUKUNJIA BOMBA ISIYOLINGANA NA MAELEZO, NA MAJIBU TULIYOPEWA TULIPOLALAMIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa karakana ya kuunda vyuma iliyopo Vingunguti. Kazi yetu kubwa ni vipande vya chasisi vya kuagizwa: fremu za mbele zinazobeba rejeta na mikono ya saspensheni, mihimili inayounganisha reli mbili za chasisi, na pinde za usalama zinazosimama nyuma ya kiti cha dereva kwenye magari ya porini na ya mbio. Mwezi uliopita tulinunua kwenu mashine ya haidroli ya kukunjia bomba pamoja na kalibu zake, yaani vyuma vyenye mfereji vinavyolishika bomba linapokunjwa, au "dai" kama mafundi wanavyoziita. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Pampu inasukuma vizuri, haivuji, na fremu yake ina uzito unaostahili. Ugomvi wangu ni kalibu moja, ile tuliyoihitaji kuliko zote, na jinsi mlivyotujibu.

Kwenye profoma yenu, yaani ankara ya awali, ambayo nakala yake naiambatanisha pamoja na risiti ya EFD, mmeandika wenyewe kwamba kalibu hiyo ni ya bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 45, na nusu kipenyo cha mkunjo ni milimita 150. Vipimo hivyo hatukuviokota barabarani. Gari la mteja wetu linaandaliwa kwa ajili ya mbio, na kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, katika Kiambatisho J, ibara ya 253, zinataka upinde mkuu wa usalama uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa ukuta milimita 2.5, au 50 kwa 2.0. Kanuni hizo hizo zinataka bomba likunjwe baridi, na nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba letu hiyo ni milimita 135. Tuliagiza 150 ili tusicheze mpakani.

Sasa niwaeleze kilichotokea. Fundi wangu mkuu alilipima bomba, akalichora chaki pale mkunjo unapoanzia, akapaka mafuta kwenye mfereji wa kalibu, akaanza kusukuma pampu taratibu. Kabla mkunjo haujafika nusu, mbavu za bomba, yaani pande zake mbili, zilianza kutoka nje, na mgongo, yaani upande wa nje wa mkunjo, ukaanza kulala. Kufika nyuzi 90 mgongo ulikuwa bapa, na upande wa ndani umejikunja makunyanzi ambayo unayahisi kwa ukucha. Tukachukua venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Upana wa bomba pale kwenye mkunjo ulikuwa milimita 48.2, na kimo chake milimita 39.8. Gawanya kimo kwa upana, unapata 0.83. FIA wanakubali bomba lililobonyea kidogo, ila uwiano huo usishuke chini ya 0.9. Hakuna mkaguzi wa mbio atakayeupitisha upinde ule, na hata asingekuwepo mkaguzi, mimi nisingeuchomelea kwenye gari la mtu.

Nawaomba muiangalie tena ile 48.2, kwa sababu ndiyo iliyotufumbua macho. Bomba la 45 limewezaje kutanuka mpaka 48.2 likiwa limebanwa ndani ya kalibu ya 45? Tukaifungua kalibu na kuigeuza. Ubavuni ina karatasi yenu ya kubandika iliyoandikwa "45 mm". Fundi aliibandua. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, imechongwa "1½". Tukaupima mfereji: milimita 48.3. Hicho ndicho kipenyo cha nje cha bomba la maji la inchi moja na nusu. Aliyeibandika karatasi ile juu ya maandishi ya kiwandani mnamjua ninyi, si sisi.

Kampuni inayouza mashine hizi haipaswi kufundishwa jambo hili na mteja, lakini kwa kuwa kijana wenu wa mauzo alibishana nasi, niliweke kwenye maandishi. Bomba la maji huitwa kwa kipimo cha jina. Ile "inchi moja na nusu" si kipenyo chake cha nje wala si cha ndani kamili. Kipenyo cha nje kimewekwa kuwa milimita 48.3 ili nyuzi na viungio vyake vilingane, uwe umenunua la ukuta mwembamba au mnene. Bomba la kuundia chasisi huitwa kwa kipenyo chake halisi cha nje: ukiambiwa 45 ni 45, na ukiambiwa inchi moja na nusu ni milimita 38.1. Ndiyo maana kalibu za bomba la maji na kalibu za bomba la kuundia haziazimani.

Kijana wenu aliniambia kwenye simu, "Mama, tofauti ni milimita tatu tu hizo." Kwenye geti la nyumba, pengine. Kwenye mkunjo wa chasisi, milimita tatu hizo ndizo kazi nzima ya kalibu. Bomba linapokunjwa, mgongo unavutika na tumbo, yaani upande wa ndani, linabanwa. Kwa bomba la 45 kwenye nusu kipenyo cha 150, chuma cha mgongoni kinarefuka kwa asilimia 15. Kikivutika hivyo kinatafuta njia ya mkato, nayo ni kushuka kuelekea katikati, na bomba linataka kulala bapa. Kinacholizuia ni kuta za mfereji zilizokumbatia mbavu zake pande zote mbili. Mbavu zisipopata pa kutokea, mgongo hauwezi kushuka. Mkiacha nafasi, bomba linacheza ndani kama mguu kwenye kiatu cha kuazima, mbavu zinatoka mpaka zikutane na ukuta, na mgongo unalala. Yetu ilitoka mpaka 48.2 kwa sababu ukuta wenu uko 48.3.

Majibu mliyotupa ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Kwanza tuliambiwa fundi ameuweka mshono wa bomba vibaya. Ni kweli kwamba ukikunja bomba lenye mshono unatakiwa kuulaza ubavuni, kwenye mstari usiovutika wala kubanwa, na fundi wangu analijua hilo kabla hata ya kuajiriwa kwangu. Lakini bomba letu halina mshono. Lingeulizwa swali moja tu kabla ya kutoa lawama, jibu lingepatikana.

Kisha tukaambiwa bomba letu ni geji hafifu, yaani ukuta wake ni mwembamba, kwamba tumeuziwa la 2.0 tukidhani ni 2.5. Hili nililichukulia kwa uzito, maana mjini hapa geji za uongo zipo na kila fundi amewahi kuumizwa nazo. Lakini geji haifichiki ukiwa na mizani. Chukua kipenyo cha nje, toa unene wa ukuta, zidisha kwa unene, kisha zidisha kwa 0.02466, unapata kilo kwa kila mita. Bomba la 45 kwa 2.5 linatakiwa kuwa kilo 2.62 kwa mita, yaani kilo 15.7 kwa bomba zima la mita sita. Lingekuwa la 2.0 lingekuwa kilo 12.7. Tulipandisha mabomba yaliyobaki kwenye mizani, na picha ziko kwenye viambatanisho: yote yako kwenye 15.7, mengine yamezidi kidogo. Muuzaji wetu wa bomba alitupa tulichomlipa. Sitaki jina lake lichafuliwe kwa kosa lisilo lake.

Mwisho kijana wenu akatushauri tujaze bomba mchanga na tulipashe moto, "kama mafundi wa zamani". Ninawaheshimu mafundi wa zamani. Nimewaona wazee wa Gerezani wakikunja kwa mchanga, na mzee anayeijua kazi hiyo anatoa mkunjo mzuri: anaukausha mchanga kwanza, anaushindilia kwa kugonga bomba, anaziba ncha zote mbili, ndipo anawasha moto. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke unarusha kizibo kama risasi, na mtu anaweza kuumia vibaya. Sasa mnamshauri mteja afanye hivyo bila hata kumwambia akaushe mchanga? Tena kwa kazi ambayo kanuni zake zinataka bomba likunjwe baridi? Tulinunua mashine kwenu ili tuachane na moto. Kama jibu lingekuwa mchanga, tungebaki na pesa yetu.

Katika mazungumzo yote hayo neno lililorudiwa ni kwamba mafundi wangu hawajui mashine. Nimechukizwa nalo, na nasema hivyo bila kuuma maneno. Mkunjo ulipoanza kuharibika, fundi wangu ndiye aliyesimamisha kazi. Ndiye aliyepima, ndiye aliyebandua ile karatasi. Angekuwa mtu wa kulipua kazi angeligonga bomba kwa nyundo mpaka lionekane mviringo, akapaka rangi nyeusi, na gari lingetoka getini likiwa na upinde unaong'aa. Dereva asingejua mpaka siku gari litakapobingirika.

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, na unazidi pesa yangu. Bomba lililolala limepoteza ugumu wake palepale kwenye kona, mahali ambapo mzigo unapita. Kwenye fremu inayoshika mikono ya saspensheni, kila shimo la barabara linaikunja ile kona kidogo na kuirudisha, asubuhi hadi jioni, mpaka ufa unaanza kwenye kunyanzi la ndani au pembeni ya uchomeleaji. Mmeniambia kwa mdomo wenu kwamba kalibu hizi "zinatoka sana". Basi ziko kwenye karakana nyingine, na si kila karakana ina venia juu ya meza. Huko zinakunjwa fremu za magari ya utalii na viti vya abiria, na watu wanakaa juu yake.

Ninachotaka ni hiki. Mtuletee kalibu halisi ya bomba la kipenyo cha nje cha milimita 45 yenye nusu kipenyo cha 150, pamoja na kibanio chake cha kuteleza, na ipimwe mbele ya fundi wangu kabla hatujasaini kuipokea. Kama hamna, chukueni kalibu na mashine, mturudishie pesa yote, maana mashine bila kalibu hiyo haina kazi kwetu. Mlipe pia bomba lililoharibika; bomba lililokwisha kulala hivyo halinyooshwi likarudi kwenye chasisi, linakwenda kwenye chuma chakavu. Muwapigie wateja wengine waliouziwa kalibu yenye karatasi kama ile, muwaambie wapime mfereji. Na muandike, kwa barua, kwamba kosa halikuwa la fundi. Hili la mwisho halina gharama, lakini kwangu lina uzito sawa na mengine, kwa sababu mteja wetu wa gari la mbio alisikia maneno yenu, na kazi ya fundi ni jina lake.

Chini ya risiti yenu kumeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayaigeuzi kalibu ya 48.3 kuwa ya 45. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na maelezo yenyewe yako kwenye profoma yenye muhuri wenu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na kalibu yenyewe, ile karatasi iliyobanduliwa na kipande cha bomba kilichokatwa kwenye mkunjo ili kila mtu apime mwenyewe. Kalibu nimeiweka stoo, haijatumika tena na haitatumika. Mtu wenu anakaribishwa kuja kuipima siku yoyote ya kazi. Aje na venia yake, asitegemee ya kwetu.

Wako katika biashara,

Mmiliki wa karakana,
Vingunguti, Dar es Salaam.