Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mimea ya Kufunika Ardhi Kivulini

Ndugu wanachama,

Kwa heshima ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha watunza bustani hapa Tanga kwa mwaka unaokwisha. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitashughulika na ardhi iliyo wazi chini ya miembe, mikungu na mizambarau ya nyumba zetu, tangu Raskazone hadi Ngamiani.

Wengi wetu tumezoea kupanda ukoka mahali hapo kila masika, nao hufa, kwa kuwa ukoka hutaka jua. Kisha uwanja hufagiwa kwa chelewa kila asubuhi, majani makavu huondolewa yote, na mvua za Machi hadi Mei huchukua udongo wa juu mpaka mizizi ya mti ikabaki nje. Ndiyo maana kamati ilipendekeza mimea inayobaki na majani mabichi mwaka mzima na kustahimili kivuli: kwanza mondo, ambao huuzwa kama nyasi ingawa ni wa jamii moja na asparaga na asili yake ni Asia ya Mashariki, na pili klorofitamu, mmea wa Afrika yetu, wenye majani membamba ya mistari myeupe, ambao wengi tunao kwenye vyungu vya barazani.

Waliofanikiwa walitangulia kung'oa ndago pamoja na viazi vyake, kwani kinachosalia huchipua katikati ya mondo na kukiondoa ni kuung'oa mondo wenyewe. Walipanda mwanzoni mwa mvua, kwa nafasi ya takribani sentimita 15, katika vishimo vyenye mboji baina ya mizizi mikubwa, bila kuikata wala kuirundikia udongo. Mondo hukua polepole mno, na nasikitika kwamba baadhi ya bustani ziling'olewa kabla haujashika. Klorofitamu huziba nafasi mapema zaidi, kwa kuwa vitoto vyake hutoa mizizi vikigusa udongo.

Wedelia ya maua ya njano isipandwe, hata ikitolewa bure. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kila kipande cha shina lake huweza kuota, na imo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vilivyo hatari zaidi. Misitu ya Amani, katika Usambara iliyo jirani yetu, tayari inasumbuliwa na mimea ya kigeni kama klidemia. Bustani zetu zisiongeze mzigo huo.

Kwa mwaka ujao, kamati inamwomba kila mwenye mondo uliokomaa augawe shina kwa shina, kila kipande kikiwa na mizizi yake, auweke kwenye viriba na kuufikisha kwa katibu kabla ya masika. Wanachama wapya watagawiwa kwanza, kisha waliopoteza miche yao.

Mwenyekiti