Shukrani kwa dada wa duka la wanyama

Dada yangu ambaye sikuwahi kukuuliza jina, naandika kukushukuru kwa msaada ulionipa jioni ile ya baridi hapa Minneapolis, nilipokuja kutafuta dawa ya chatu wangu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye gamba lake, badala ya kuvuka lote kwa pamoja kama ilivyo kwa nyoka mwenye afya, lilikuwa limekatika vipande na kumganda mgongoni, mkiani na machoni.

Hukuniuzia dawa yoyote. Ulinieleza kwamba mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa, na kwamba unyevu ndani ya tangi lake wafaa kuwa asilimia 60 hivi, na zaidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Ukanielekeza nimweke katika maji machache ya uvuguvugu, nimsimamie muda wote, halafu nimwache apenye mwenyewe ndani ya taulo lililoloweshwa. Mkia uliutilia mkazo, kwa kuwa pete ya gamba kavu ikibaki pale huweza kuzuia damu hadi ncha ikafa.

Nakushukuru zaidi kwa kunikataza kugusa macho kwa kibano: nyoka hana kope, na utando mkavu ulio juu ya jicho ukibanduliwa kwa nguvu, jicho lenyewe huumia. Ulisema nimpeleke kwa daktari wa mifugo iwapo utando ungebaki hata baada ya kujivua tena. Haukubaki, na mkia ni mzima. Mke wangu, ambaye hajawahi kumpenda mnyama huyu, naye anakusalimu.