Sauti ndogo ya Astrud

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo haitupumzishi.

Ile santuri niliyoitafuta muda mrefu nimeipata, Getz/Gilberto. Jana watoto walipolala nikaifuta vumbi, nikashusha sindano taratibu. Kwanza ikachakarisha kidogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Halafu João Gilberto, mwimbaji wa Brazil, na gitaa lake, akivumisha sauti bila maneno. Dole gumba linapiga besi bila kuyumba, vidole vingine vinadonoa nyuzi katikati ya mapigo, samba yote imo humo. Na anaimba Kireno chake kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto chumba cha pili.

Kisha anaingia Astrud, na hapo nilikaa kitako sakafuni.

Neema, huyu dada alikuwa na miaka 22, mke wa João, wala kuimba haikuwa kazi yake. Walikuwa studio New York, Machi 1963, ule wimbo wa msichana wa Ipanema, ufuo wa Rio de Janeiro, ukahitaji ubeti wa Kiingereza, akauimba yeye. Sauti yake ni ndogo, nyoofu, haitetemeshi wala haivuti neno ili asifiwe. Anamaliza mstari, ananyamaza. Stan Getz anapoupokea wimbo kwa saksafoni, unasikia pumzi yake ikipita kwenye chombo kabla noti haijatoka.

Kilichoniuma ni jalada. Mbele wameandikwa Getz, Gilberto mume na Jobim wa piano. Astrud hayupo! Na wimbo ulipotolewa peke yake mwaka 1964, walikata ubeti wa João wakabakiza wa kwake, na huo ndio dunia iliupenda. Mwaka 1965 ukapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, ya rekodi ya mwaka, santuri nayo ikapata ya albamu ya mwaka. Astrud alifariki Juni 2023, nami ndiyo kwanza namsikiliza kwa utulivu.

Nilikukumbuka wewe, na yule mwalimu wa kwaya aliyekurudisha mstari wa nyuma eti sauti yako haifiki mlangoni. Tangu siku ile hujaimba mbele ya watu, hata harusini kwangu ulikataa. Mpaka leo halijanitoka moyoni.

Upande wa pili wa santuri unaanza na wimbo wa Corcovado, na humo Astrud ndiye anayefungua, mumewe anafuata. Sijaugeuza bado. Njoo Jumamosi jioni, nitapika maharage ya nazi, tuugeuze pamoja.

Wako,
Rehema