Hilo duka la mbwa mnalotaka lifungwe Mtwara liko mtaa gani?

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho nilipokuandikia, mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza mazao kupitia ghala, ndio kwanza ulikuwa unaingia kwenye korosho zetu. Nikanyamaza, kwa kuwa niliona barua hazipandishi bei. Lakini ile makala yenu kuhusu kupiga marufuku maduka kuuza mbwa na paka imenishinda kuinyamazia.

Mmetueleza vizuri ya wenzetu. California kuanzia Januari 2019 duka halikuruhusiwa kuuza mbwa, paka wala sungura ila waliotoka kwenye vituo vya kuokolea wanyama, na tangu 2021 haliruhusiwi kuwauza kabisa. Uingereza ikafuata Aprili 2020, Ufaransa Januari 2024, New York Desemba mwaka huohuo. Mwandishi wenu akahitimisha kwamba na sisi tuige. Tuige nini? Nani amewahi kuona duka la mbwa Chikongola, au Shangani, au Mikindani? Paka ndiyo kabisa: huku paka hanunuliwi, anaombwa. Paka wa jirani akizaa unapewa wawili hata kama uliomba mmoja. Mbwa wa kienyeji naye ni hivyohivyo. Anayeuzwa ni yule anayeitwa wa kizungu, na duka lake ni simu. Picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, hela inatangulia, mnyama anapakiwa basi Dar es Salaam. Wenye maduka Marekani wanalia kwamba wakifungiwa biashara itahamia mitandaoni. Kwetu haikuhamia popote, ilizaliwa hukohuko.

Shemeji yangu ana mikorosho Nanguruwe. Wezi walimbebea magunia, akaamua kutafuta mbwa wa ulinzi. (Najua wako wengi pwani hii wasiotaka pua ya mbwa iguse nguo zao, na mimi nimo, lakini mwizi wa korosho hasubiri umalize kutawadha.) Akalipa laki mbili na nusu kwa mtu asiyemjua, akaniomba nikampokelee mzigo stendi. Nikakabidhiwa boksi la mafuta ya kula, limefungwa kamba ya katani na kutobolewa matundu kwa bisibisi. Konda akataka hela ya juu kwa sababu, eti, mzigo una roho. Kama alijua una roho, kwa nini aliuweka kwenye buti chini ya begi za watu kwa zaidi ya kilomita 500? Nilipokata kamba nikakuta kitoto cha mbwa kimelalia kinyesi chake, fizi nyeupe, hata kulia hakiwezi. Pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni safi kabisa, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na mhuri juu. Muuzaji alisema mtoto ana wiki saba. Nikasoma tarehe kwenye kadi, nikahesabu nyuma, nikahesabu tena: alichanjwa akiwa bado tumboni mwa mama yake! Kitoto hicho hakikumaliza wiki. Kikaanza kutapika, kisha kuhara damu, bwana mifugo akasema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na kwamba huenda kilitoka nayo kilikotoka. Muuzaji alipopigiwa akajibu kwamba mmemlisha dagaa wa chumvi, akafunga namba. Kabla ya kufa mbwa huyo alikuwa amemng'ata kidole mtoto wa mwisho wa shemeji, kwa mchezo tu. Kwa kadi ile nani angethubutu kusema ni mchezo? Kidole kikaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ikaanza safari ya kutafuta sindano ya kichaa cha mbwa. Kituo cha kwanza hakina, cha pili njoo kesho, na bodaboda inadai kila inapozima injini.

Mwandishi wenu haya hakuyagusa. Mikoa hii ya Lindi na Mtwara iliingizwa kwenye mradi wa kuchanja mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010. Watu walifunga mbwa kamba wakawapeleka wakachanjwe. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa, kichaa kinakosa pa kupita. Kila boksi la kadi ya uongo linaitafuna hesabu hiyo, na hakuna anayelifungua.

Tukiwa hapohapo stendi, tazameni na vifaranga. Usiku uleule basi lilishusha maboksi ya vifaranga wa siku moja, wanaosubiriwa na wenye maduka ya pembejeo waje kutuambia ni chotara na wameshachanjwa mdondo. Wanakua wanakuwa kuku usiowaelewa, au hawakui. Ukinunua dawa uchanje mwenyewe unauziwa iliyolala kwenye friji lililozimika, kwa sababu umeme ulikatika, katika mji ambao gesi ya Mnazi Bay inachimbwa jirani tu hapo!

Sasa mniulize nataka nini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, sihitaji nyingine ya kufunga duka lisilokuwepo. Kwa Waingereza nachukua jambo moja tu: anayeuza mtoto wa mbwa amwonyeshe mnunuzi akiwa na mama yake, palepale alipozaliwa. Muuzaji akisema Dar ni mbali, basi mama naye apandishwe basi, siti ya dirishani, nauli juu ya muuzaji. Halafu iwekwe meza moja stendi ya Mtwara na nyingine pale njia panda ya Mingoyo, akae mtu mwenye tochi, wembe na kalenda. Boksi lolote lenye matundu lifunguliwe kabla konda hajadai hela ya roho. Kadi ikionyesha mnyama amechanjwa kabla ya kuzaliwa, aitwe mwenye namba ya simu iliyopokea fedha, aje aeleze mbele ya abiria. Akishindwa arudishwe kwao kwenye buti, mpaka Nangurukuru tu. Mimi si katili.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara